Vumbi Lisilo na Mwenyewe

Donatus alikuwa bwana afya wa kata, na kazi ya bwana afya ni kushuku. Alishuku nyama iliyolala buchani, alishuku kisima kilichochimbwa jirani na choo, alishuku hata chai ya mwenyeji wake akienda ugenini. Mkewe Philomena, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Mwadui na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, alizoea kumwambia, "Wewe hata mboga niliyopika mimi unainusa kwanza."

Basi asubuhi ile ya Februari alipotoka nje na kuliona jua limefifia kama sahani ya bati, unaweza kulikodolea macho bila kuumia, hakujidanganya kwamba ni mawingu. Alipitisha kidole kwenye kiti cha pikipiki yake. Kidole kilitoka na unga wa rangi ya majivu, laini kuliko sembe. Vumbi la Kahama alilijua tangu utotoni. Ni jekundu, zito, likiingia kwenye kola ya shati linakaa humo mpaka lifuliwe. Hili lilikuwa geni.

Hajapiga hata kiki, simu ikaita. Alikuwa Euphrasia, dada yake mdogo.

"Kaka, Rhoda hapumui vizuri. Pampu imeisha."

Euphrasia aliishi ukingoni mwa Nyasubi na binti yake huyo mmoja, aliyekuwa darasa la tatu na mwenye pumu tangu alipoanza kutembea. Mumewe alikuwa machimboni upande wa Geita, kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, ambako simu hushika mtu akipanda juu ya kifusi. Donatus ndiye aliyekuwa mjomba, na mara nyingi ndiye aliyekuwa baba.

Aliwakuta mlangoni. Rhoda alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Wakambana katikati yao kwenye pikipiki mpaka zahanati. Huko foleni ilikuwa imetoka nje ya ukumbi: watoto, wazee, vijana wa bodaboda wenye macho mekundu, wote wanakohoa kikohozi kimoja kikavu. Rhoda alipewa mashine ya mvuke, akatulia kidogo. Donatus akabaki kusikiliza wanawake wakizungumza kwenye benchi.

"Ni yule mama wa marudio," alisema mmoja, akielekeza kidevu upande wa kusini mashariki.

"Tangu malori yale yaanze kuingia."

"Anasaga michanga yenye zebaki, sisi tunaivuta. Yeye mwenyewe anajifungia ndani na kiyoyozi."

Mama wa marudio alikuwa Nurjahan. Babu yake alifika Kahama kuuza nguo, baba yake akauza sukari na mafuta ya taa, yeye na marehemu mumewe wakauza vifaa vya wachimbaji. Sasa, uzeeni, pamoja na binti yake Shehnaz, alikuwa na kiwanja chenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, si mbali sana na nyumba ya Euphrasia. Miezi ya karibuni alikuwa ananunua marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa ambao bado una chembe za dhahabu kwa mwenye uwezo wa kuzitoa. Malori yalimwaga, lundo likakua.

Donatus alimwacha dada yake zahanati, akaenda huko moja kwa moja.

Getini alisimama Chacha, msimamizi wa kiwanja, mtu mrefu wa Tarime asiyependa maneno mengi. Pembeni yake chungu cha maharage kilikuwa kwenye jiko la mkaa. Nyuma yake Donatus aliona kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo: maturubai ya bluu yamefungwa kwenye nguzo pande zote, marefu kupita kimo cha mtu, yameficha lundo zima.

"Maturubai haya ya lini?"

"Jana," alisema Chacha.

"Ya nini?"

"Muulize mama."

Nurjahan alikuja taratibu, ushungi wake ameuvuta puani. Macho yake nayo yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, Mama Shehnaz."

"Marahaba, baba. Umekuja kwa ajili ya vumbi. Wamekutuma?"

"Sijatumwa. Watoto wanaumwa."

"Na mimi naumwa. Mashine nimezima tangu jana. Njoo ushike."

Alimpeleka kwenye karasha la kwanza. Donatus akaweka kiganja kwenye mota, akaikuta baridi kama jiwe la mtoni. La pili pia. Alipogeuka kuelekea kwenye maturubai, Chacha alikuwa tayari amesimama mbele yake.

"Huko hapana," alisema Nurjahan. "Ukitaka huko, njoo na barua."

"Kuna nini huko, mama?"

"Mali yangu."

Donatus aliondoka akiwa na hakika. Mtu asiye na la kuficha haweki turubai siku moja kabla vumbi halijawafikia watu. Na mota kupoa si hoja, hata mwizi hufuta nyayo. Alipokuwa anawasha pikipiki aliuona moshi wa jiko la Chacha. Ulikuwa unalala chini na kukimbilia mashambani, kuipa Nyasubi mgongo. Aliutazama kidogo. Upepo hugeuka, alijiambia, akaondoka.

Mwenyekiti wa mtaa, Mageni, alimsubiri nje ya ofisi. Mageni alikuwa mtu wa maneno matamu na vikao vingi.

"Umeyaona maturubai?" aliuliza.

"Nimeyaona."

"Umeona alivyojificha. Bwana afya, wewe andika tu kwamba ni yeye. Wananchi watamaliza."

"Watamaliza vipi?"

Mageni alicheka bila sauti. "Wananchi wana njia zao."

Donatus alijua pia kwamba shemeji wa Mageni alikuwa anakimezea mate kiwanja kile kwa muda mrefu. Alilijua hilo, ila siku hiyo halikumsumbua. Aliwaza mabega ya Rhoda tu.

Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Vumbi halikuvuma. Lilining'inia tu. Nyumba za upande wa pili wa barabara zilionekana kama zimechorwa kwa penseli. Daktari alisema mtoto atolewe penye vumbi kwa siku chache, kama kuna pa kumpeleka. Pa kumpeleka palikuwapo: Runzewe, kwa baba mdogo Eustace, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Donatus akasema ndiyo, wamweke mbali na sumu ya yule mama.

Wakapanda probox ya abiria, Rhoda amepakatwa karibu na dirisha lililofungwa. Donatus alitazama nje akisubiri mbingu ifunguke. Walipita Masumbwe, haikufunguka. Walipita Ushirombo, milima midogo ya pembeni haikuonekana kabisa, kana kwamba mtu ameing'oa. Euphrasia aligeuka akamtazama kaka yake.

"Hili nalo ni la Mama Shehnaz?"

"Upepo unalisukuma," alisema Donatus, na sauti yake mwenyewe haikumridhisha.

Walifika Runzewe Rhoda akiwa amechoka kwa kutafuta pumzi, midomo imeanza kupauka. Eustace aliwapeleka kituo cha afya, na hapo Donatus akakuta foleni ileile aliyoiacha Kahama. Sura zilikuwa nyingine, kikohozi kilekile. Rhoda alilazwa, akawekewa hewa. Euphrasia alikaa kando ya kitanda, akimfuta mtoto jasho. Donatus alikuwa amemtoa mtoto kwenye vumbi, akamsafirisha ndani ya vumbi, akamleta kwenye vumbi.

Walipotoka nje, Eustace alisema, "Poleni. Lakini kwetu litapungua. Mwenyewe wamekwisha kumshughulikia."

"Mwenyewe yupi, baba mdogo?"

"Cornel wa mbao. Huyo ndiye mwenye vumbi. Jana vijana walimchomea."

Donatus aliomba aoneshwe.

Kiwanda cha Cornel kilikuwa mwisho wa soko. Kulikuwa na mabati yaliyojikunja, mkanda wa msumeno umelala kwenye majivu kama nyoka aliyekufa, na harufu ya mvule ulioungua. Cornel mwenyewe, mtu wa makamo, alikuwa ameketi juu ya gogo lililonusurika, mkono mmoja umefungwa na kitenge shingoni. Hakuinuka.

"Wewe ni nani? Bima?"

"Ni bwana afya wa Kahama. Pole sana."

"Msumeno wangu ulikatika wiki iliyopita," alisema Cornel, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo mara nyingi. "Nikawaambia njooni mshike injini, imepoa. Wakasema nimeimwagia maji. Mbao gani inatoa unga mweupe namna hii? Vumbi la mbao lina harufu. Hili linanuka nini? Hebu nusa."

Alichota kidogo kwenye bati akamnyooshea. Donatus, aliyezoea kunusa kila kitu, alinusa. Halikunuka kitu.

"Waliokuja walikuwa nani?"

"Majirani. Mmoja nilimtengenezea kitanda cha harusi."

Donatus alisogea kando akampigia mkewe. Mwadui iko mashariki, mbele ya Shinyanga mjini, na ukitoka huko mpaka Runzewe unasafiri sehemu kubwa ya siku.

"Philomena, huko kukoje?"

"Usiulize. Wodi imejaa. Hatuoni hata minara."

"Wanasema ni nini?"

"Wanasema ni wale watu wa barabara wanaosaga kokoto. Asubuhi vijana wamepanga mawe njiani, dereva wao mmoja amepasuliwa kichwa. Nimemshona mimi. Kwa nini?"

Alisimama pale na simu mkononi. Mwadui walikuwa na mkosaji wao, Kahama wa kwao, Runzewe wa kwao, na vumbi lilikuwa moja. Ndipo moshi wa jiko la Chacha ulipomrudia, ukikimbilia mashambani. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini mashariki. Kiwanja cha Nurjahan kipo kusini mashariki mwa nyumba ya dada yake. Kama marudio yale yalipeperuka, yalikuwa yanakwenda kwa watu wengine.

Na Mageni alisema wananchi wana njia zao.

Alimuaga Euphrasia wodini. "Narudi Kahama sasa hivi."

"Unamwacha mtoto?"

"Anapumua. Baba mdogo yupo. Nisipoenda, watu wataua mtu kwa ajili ya kitu ambacho si chake."

"Asubuhi ulisema ni chake."

"Nilisema."

Njiani redio ya gari ilisoma taarifa. Mtaalamu wa hali ya hewa alieleza kwamba vumbi hilo limeinuliwa na pepo kali kutoka majangwa na nchi kavu za kaskazini, mbali nje ya mipaka, na kwa kuwa mvua zimechelewa limesafiri juu kwa juu mpaka ukanda wa ziwa na kuning'inia hapo. Aliwataka watu wafunge madirisha, wajifunike pua, wenye pumu wasitoke.

Abiria walicheka.

"Jangwa?" alisema mmoja. "Vumbi litoke jangwani lije Kahama, nauli kalipa nani?"

"Wakubwa wameshakula na wenye migodi," alisema mwingine. "Lazima wamtafute asiyeweza kukamatwa."

Dereva alizima redio akaweka muziki. Kama Donatus angeisikia taarifa ile jana, naye angecheka.

Alifika Nyasubi alasiri. Barabara ya kwenda kiwanjani ilikuwa imejaa watu, wengine wamejifunga kanga na mashati usoni, macho tu ndiyo yanaonekana. Kioo cha gari la Shehnaz kilikuwa kimeshavunjwa. Chacha alisimama getini na chepe mikononi, paji la uso linatoka damu. Mageni alikuwa pembeni, amekunja mikono nyuma, kama mtu aliyepita njia tu.

Donatus alipenya mpaka getini akapanda juu ya tofali.

"Ndugu zangu, mimi ni bwana afya wenu. Nimetoka Runzewe sasa hivi."

"Sema ni yeye, tuingie!" mtu alipaza sauti.

"Vumbi hili si la kwake."

Sauti zikalipuka. Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi la zahanati alisogea mbele, akashusha kanga mdomoni ili asikike vizuri.

"Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mama."

"Jana uliingia humu ndani, tulikuona. Ulitoka kimya. Leo unamtetea. Amekupa nini?"

"Mtoto wa dada yangu amelazwa Runzewe kwa vumbi hilihili. Mnamjua Rhoda. Ngojeni."

Alipiga simu, akaweka sauti kubwa, akainyanyua juu ya vichwa vyao. Euphrasia alipokea.

"Dada, uko mbele ya watu wa mtaani kwako. Waambie hapo ulipo kukoje."

Kwanza kilisikika kikohozi cha wodi tu. Donatus alidhani atakata. Kisha sauti ya Euphrasia ikatoka, kavu.

"Huku ni kulekule. Mbingu ni hiyohiyo, wodi imejaa. Huku wamemchomea mwenye mbao, na leo wanakohoa kama jana." Halafu akaongeza, "Mama Mwita, kama upo hapo, watoto wako waweke ndani. Funika madirisha kwa kanga mbichi."

Jina lile lilifanya kazi ambayo maelezo hayakuweza. Mama Mwita, ambaye ndiye aliyeuliza amepewa nini, alitazama chini. Hakusema ameamini. Alisema tu, "Wanangu wako peke yao," akageuka. Wengine wakamfuata, mmojammoja, wakinung'unika. Kijana mmoja aliacha jiwe lake chini ya ukuta polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Mageni alikuwa ameshaondoka.

Nurjahan alitoka akiwa ameshikiliwa na binti yake. Alikuwa anapumua kwa shida.

"Wabeja, mwanangu," alishukuru, kwa Kisukuma chake cha kuzaliwa nacho hapohapo Kahama. "Wabeja sana."

"Mama, nyuma ya turubai kuna nini?"

Nurjahan aliuvuta ushungi wake puani. "Nimekwambia. Mali yangu."

Donatus alikuwa amechoka, na Shehnaz alikuwa analia huku akiokota vioo. Hakuuliza tena.

Mvua zilipokuja zilishusha matope kutoka mbinguni. Maji ya kwanza yaliyotiririka kwenye mabati yalikuwa kama uji. Baada ya hapo mbingu ikawa bluu, Rhoda akarudi shule, na watu wakaacha kulizungumzia lile vumbi. Walichoendelea kukizungumza ni Donatus. Akipita sokoni walimsalimu vizuri kupita kiasi. Mtu akinunua pikipiki mpya walitazamana, wakidhani ni yake. Yeye hakuwa amenunua kitu, nalo likawa jambo la kushangaza: pesa anazificha wapi?

Mwezi wa sita, kiangazi kikashika, upepo ukageuka. Sasa ulitoka kusini mashariki, kila siku, kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua lipoe. Siku moja Euphrasia alikuja kwa kaka yake bila kupiga simu. Alikuwa amebeba sufuria.

"Tazama."

Juu ya mfuniko wake kulikuwa na unga wa kijivu cha njano, mzito, wenye kung'aa kidogo ukiugeuza juani. Donatus aliusugua kati ya vidole. Huu haukuwa laini kama ule wa Februari. Ulikwaruza.

"Uko kwa majirani pia?"

"Nyumba chache tu. Zilizo mstari mmoja na kiwanja. Ng'ambo ya barabara hakuna hata chembe."

Donatus alikwenda akahakikisha mwenyewe, bati kwa bati. Ilikuwa kama alivyosema. Akaenda kwa Mageni kuomba waandike pamoja kwa ofisi ya madini.

Mageni alimkaribisha soda. "Bwana afya, mbona unatuchanganya? Si wewe uliyesimama getini ukasema vumbi linatoka jangwani?"

"Lile lilitoka jangwani. Hili linatoka kwenye lundo."

"Wananchi watasemaje? Mama Shehnaz ni mtu mwema. Ameweka madirisha ya vioo shuleni. Shemeji yangu sasa ni mlinzi wake. Wewe mwenyewe ulimsafisha, sasa unataka kumchafua?"

Alikwenda kiwanjani. Maturubai yalikuwa yamepasuliwa na jua, yanapepea vipandevipande, na lundo lilionekana wazi. Lilikuwa limekua mara mbili. Kila upepo ulipopiga, kilele chake kilifuka.

"Mama, hili ni lako," alisema.

Nurjahan alikuwa ameketi kivulini. "Ulisema si mimi. Mbele ya watu wote ulisema."

"Nilisema lile si lako. Marudio haya yana zebaki?"

"Yananunuliwa yalivyo. Nani anajua yana nini?"

"Kibali unacho?"

Mama alitikisa kichwa. Kumbe kukosa kibali ndiko alikokuwa anakuficha tangu Februari. Alieleza kwamba alikuwa amesikia wakaguzi wa madini wako njiani, akafunga maturubai. Vumbi la jangwa likaja siku iliyofuata kwa bahati yake mbaya, kisha likamwosha kwa bahati yake nzuri.

Donatus alichukua sampuli akazituma maabara, akaandika kwa ofisi ya madini, akasubiri. Majibu ya maabara hayakuja, wala ya ofisi ya madini. Kila alipopiga simu aliambiwa apige kesho. Rhoda akaanza tena kuinama na kushika magoti.

"Kaka," Euphrasia alimwambia jioni moja, wanamwekea mtoto dawa. "Nikuulize kitu, na usikasirike. Siku ile alikupa nini?"

Donatus alimtazama. Wengine wote walikuwa wameuliza, akazoea. Huyu hakuwa amemtarajia.

"Hakunipa kitu, Euphrasia."

"Kwa sababu mimi ndiye niliyesema kwenye simu. Mimi ndiye niliyewarudisha watu. Kama nilitumiwa, nataka kujua."

"Ulisema kweli. Na mimi nilisema kweli. Kosa langu ni kwamba nilinyamazia nusu ya pili, ile ya lundo."

Euphrasia hakuonesha kama jibu hilo limemtosha au la.

Asubuhi yake hakumpeleka Rhoda shule. Alimshika mkono, akachukua kigoda na ile pampu, akaenda kiwanjani. Chacha alipouliza anataka nani alisema hamtaki mtu. Akakiweka kigoda ndani ya geti, upande unakotua unga wa lundo, akamkalisha mtoto. Yeye akasimama nyuma yake. Shemeji wa Mageni alitaka kuwaondoa, Chacha akamwambia, "Waache." Watu walianza kusimama barabarani. Hakuna aliyebeba jiwe.

Donatus alipofika aliwakuta hivyo. Alikimbilia kumwinua Rhoda, dada yake akamzuia kwa mkono.

"Mwache mwenye mali aone."

Nurjahan alitoka ofisini. Upepo ulikuwa umeanza. Lundo lilifuka, Rhoda akakohoa, akaomba pampu, akaivuta, akakohoa tena. Shehnaz alimwambia mama yake kitu kwa lugha yao, kwa sauti ya chini na ya hasira. Mama alijibu kwa ukali. Kisha naye kikohozi kikamkamata, kikamkunja, na kwa muda wakawa wanakohoa wawili, bibi na mtoto, mmoja huku na mwingine kule.

"Mtoe huyo mtoto hapo," hatimaye Nurjahan alisema. "Mayu, mama yangu, mtoe. Nitaliondoa."

"Lini?" aliuliza Euphrasia.

"Leo waanze kulimwagia maji. Wiki hii liondoke."

Donatus alimbeba Rhoda mpaka nje ya upepo. Mama Mwita alikuwa pale barabarani. Alimpa mtoto maji, kisha akamgeukia Donatus kama anataka kusema jambo, akaishia kusema, "Jua kali leo."

Nurjahan alitimiza. Mipira ya maji ililowesha lundo mpaka likawa jeusi, na siku chache baadaye malori yaliingia tupu yakatoka yamejaa, yamefunikwa vizuri, hayadondoshi chembe. Watoto wa mtaa walishangilia. Mageni alitoa hotuba fupi kuhusu ushirikiano. Euphrasia alimtuma Rhoda kwa kaka yake na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mvua.

Lori la mwisho lilikuwa linatoka getini Donatus alipopita na pikipiki. Chacha alikuwa anafunga kamba ya turubai kwa nyuma.

"Linakwenda wapi?" Donatus alimuuliza.

"Magharibi."

"Magharibi wapi?"

Chacha alikaza fundo, akapangusa mikono kwenye suruali. "Huko mbele. Kuna mtu amelinunua."

"Mtu gani? Kuna nyumba karibu?"

"Muulize mama," alisema Chacha, na safari hii alionekana kama ambaye angependa kusema zaidi.

Lori liliingia barabara kuu likashika njia ya Masumbwe. Donatus alilitazama likipungua. Alitazama saa, akakumbuka ana ukaguzi wa mabucha, akakumbuka hakumwambia mtu anakokwenda. Kisha akafunga kitambaa puani, akapiga kiki, akalifuata.